Picha ya Shamba la Mvivu

Wasomaji, hili bado linanichoma. Tulienda Sosiot na wenzangu wa chuo kujifunza kilimo cha chai, nikapiga picha shamba moja lililoachwa bila kuchunwa mpaka chai ikawa miti. Kesho yake, tukiwasilisha utafiti wetu kwa wakulima kanisani, niliionyesha ukutani nikasema, “Hili ni shamba la mvivu!”

Wenzangu walicheka. Wakulima walinyamaza, nami nikadhani hawajaelewa, nikarudia kwa sauti.

Mama Chebet, aliyekuwa akitupikia tangu tufike, akasimama.

“Hiyo chai ni yangu, mwanangu,” akasema. “Nilikuwa hospitali mwaka mzima nikiuguza mzee wangu. Tulimzika wiki moja kabla hamjafika.”

Nilitaka kuzima projekta, nikabonyeza kitufe kingine, picha ikazidi kuwa kubwa ukutani.