Krismasi ya Kumfuata Mtoto

Ijumaa, tarehe 22 Desemba 1972. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu mzito hata lori la shamba tukalisikia kabla ya kuliona.

Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu siku ile. Chini yake nimeandika saa tuliyoondoka na mizigo tuliyobeba, basi. Shule yangu iliishia darasa la nne, na kazi yangu ilikuwa kuandika kilo za majani ya chai, si mambo ya watu. Kwa hiyo haya ninayoyasema machache yametoka daftarini, mengi yametoka kichwani, na kichwa changu sikiamini sana.

Mimi na mke wangu tulikuwa tunatoka Bulwa, kwenye shamba la chai, kwenda kwa mama yangu mzazi, kijijini juu ya Soni. Tulikuwa tunakwenda kula Krismasi na kumchukua mtoto wetu.

Mtoto wetu wa kike alikuwa anakaribia miaka mitatu. Tulikuwa tumempeleka kwa bibi yake mwaka mmoja na mwezi mmoja nyuma ili aache ziwa. Kwetu ni jambo la kawaida. Mama akishika mimba nyingine, aliye ziwani hupelekwa kwa bibi mpaka alisahau titi, kisha anarudishwa. Tulisema miezi mitatu. Mimba ile haikukaa, mke wangu akaugua. Alipopona zikaja mvua za masika, barabara ikaharibika. Barabara ilipotengenezwa mimi nikanyimwa likizo. Nilipopewa likizo mama akatuma habari kwamba mtoto ana surua, asisafirishwe. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Nimezipitia mara nyingi nikitafuta ambayo tuliisingizia, sijaiona. Lakini ukizijumlisha zote, mtoto mdogo alikaa mwaka na zaidi bila kumwona mama yake.

Jambo jingine sikulifikiria kabisa. Mke wangu ni Mbena wa Njombe, alikuja Tanga na kaka yake kuchuma chai. Nyumbani tulikuwa tunasema Kiswahili. Mtoto alipoondoka alikuwa na maneno kama kumi, yote ya Kiswahili. Kwa mama yangu kinasemwa Kishambaa kuanzia asubuhi mpaka watu wanalala, na Kiswahili cha mama ni cha sokoni na kanisani tu.

Mke wangu alikuwa amemshonesha mtoto gauni jekundu kwa fundi wa kambi yetu ya wafanyakazi, kwa kumpima mtoto wa jirani wa umri uleule. Alilibeba mapajani njia nzima, limefungwa kwenye gazeti. Pale Mombo, tukingoja basi la kupanda mlimani, akaniuliza:

"Atanijua?"

"Mtoto hamsahau mama yake," nikasema. Nilisema kama mtu anayejua. Sikujua.

Kutoka Soni tulipanda kwa miguu saa moja na nusu, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Tulimkuta mama barazani anachagua maharage kwenye ungo, na mtoto yuko ubavuni mwake anachagua na yeye. Mke wangu akapiga goti, akasema shikamoo mama, akaitikiwa marahaba mwanangu. Kisha tukamtazama mtoto.

Njiani nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mawili: kwamba atalia, au kwamba atakimbia. Hakufanya hata moja. Alisimama, akajifuta mikono kwenye gauni, akaja mbele yetu, akapiga magoti kama wanavyofundishwa watoto wa kike wa kwetu, akatuamkia kwa Kishambaa. Alituamkia salamu yote, ndefu, ya mchana, ya safari, na ya huko tulikotoka. Alianza na mimi, akamalizia kwa mama yake. Hakukosea hata neno. Kisha akaingia ndani, akatoka anakokota kigoda kikubwa kuliko nguvu zake, akakiweka nyuma ya mke wangu, akamgeukia mama yangu na kumwambia:

"Mama, mgeni akae."

"Amesemaje?" mke wangu akaniuliza.

"Anakukaribisha."

Lakini neno la mgeni kwa Kishambaa haliko mbali na la Kiswahili.

"Mgeni nimelisikia," akasema. Akakaa kwenye kigoda.

Sitaki kumwonea mama yangu. Niliona uso wake, naye alishtuka. Alimwambia mtoto palepale kwamba huyu ndiye mama yako. Mtoto akacheka, kama watoto wanavyocheka mtu mzima akiwatania, akaweka kidole kwenye kifua cha bibi yake.

Kesho yake gauni lilijaribiwa. Dada yangu mkubwa, anayekaa nyumba ya chini, alikuja kuangalia. Gauni likakwama mabegani, mtoto mikono juu, kichwa hakionekani.

"Mgosi!" dada akaniita, kama wanaume wanavyoitwa kwetu. "Kutwa unapima majani ya chai, mtoto wako mwenyewe amekushinda kumpima?"

"Tulimpima mtoto wa jirani," nikasema.

"Basi mmempima mtoto wa chai. Huyu ni mtoto wa makande!"

Tulicheka sote, na mke wangu alicheka. Dada hakuwa na nia mbaya, ndivyo alivyo tangu utoto. Ila baada ya hapo mke wangu alichukua ndoo akaenda mtoni, na mitungi ilikuwa imejaa.

Siku ya Krismasi jua lilitoka kidogo. Kanisani ibada ni ya Kiswahili, na mke wangu nyimbo zote anazijua, kwao pia ni Walutheri. Nikiwa upande wa wanaume nilimwona mtoto amesimama juu ya benchi, ameacha kuangalia kila kitu anaangalia mdomo wa mama yake. Nikapata tumaini. Tulipotoka, mtoto akanishika kidole, akaniuliza kwa Kishambaa: huyu mgeni nyimbo zetu kafundishwa na nani?

"Anasemaje?" mke wangu akauliza, na alikuwa anatabasamu tayari.

"Amesifu unavyoimba."

Alifurahi siku nzima. Alimenya ndizi akiimba, akala pilau, akacheza na dada yangu uani. Nikaiacha furaha yake isimame juu ya neno langu la nusu. Mpaka leo sijui kama nilikosa. Kumwambia kweli siku ya Krismasi kungemsaidia nini? Na kumficha kulimsaidia nini? Nikishika upande huu, ule mwingine unanijibu.

Tarehe 26 nilimwambia mama kwamba kesho tunamchukua mtoto, likizo yangu inakwisha. Aliendelea kumenya viazi.

"Mchukueni. Ni wenu. Mimi sikumwiba."

"Hakuna aliyesema umemwiba, mama."

"Ila niambie. Alipokuwa na surua, macho hayafunguki, ananiita mama, nifanye nini? Nimwambie usiniite?"

 Baadaye nikamuuliza, "Mama yake ulikuwa unamtajia?"

"Kila Jumapili." Akamenya kiazi kizima. Mama yangu ni mtu wa kweli. "Si kila Jumapili," akasema.

Asubuhi ya 27 tulishuka. Mke wangu alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga, na mtoto akalia kuanzia mlangoni. Si kulia kwa deko. Alikuwa anamwita mama, mama, na aliyemwita alikuwa nyuma yetu. Mama yangu alikuwa anatufuata, hatua kama thelathini. Kila mtoto aliponyamaza aligeuza shingo, akamwona, akaanza upya.

Nikarudi nyuma. "Mama, rudi basi. Akikuona ndivyo anavyozidi."

"Njia hii umeilima wewe? Mimi nakwenda duka la ushirika. Balozi wa nyumba kumi kasema leo kuna mafuta ya taa."

"Na chupa iko wapi?"

Akaangalia mikono yake. "Nitaazima."

Ningefanya nini? Nimfukuze mama yangu njiani? Nikarudi mbele. Mke wangu alikuwa anatembea, jasho linamtoka, mtoto anampiga mabegani kwa ngumi ndogo. Nikamwambia nimpokee, akakataa. Basi nikawa nimebeba kikapu, katikati ya hao watatu, sina faida kwa yeyote.

Soni basi lilikuwa limeshafika, linapakia kabichi juu. Mke wangu hakulisogelea. Alimfungua mtoto, akamsimamisha chini kando ya barabara, akachuchumaa mbele yake. Mama yangu akasimama ng'ambo, anajifanya anaangalia kabichi.

"Mwambie mimi ndiye mama yake," mke wangu akaniambia. "Mwambie kama nilivyosema. Usipunguze, usiongeze."

Hapo nikafahamu kwamba siku zote zile alikuwa anajua.

Nikamwambia mtoto. Alikuwa na kwikwi ya kulia. Alimwangalia mke wangu usoni muda mrefu, kwa makini, wala si kwa chuki. Kisha akajibu taratibu, kwa adabu yake ileile.

"Amesemaje? Yote."

"Anasema ahsante, mgeni. Lakini yeye mama anaye."

Utingo alikuwa anapiga bati la basi. "Mombo! Mombo hao! Wazee, gari halilali hapa!"

Mke wangu alibaki amechuchumaa. Nilidhani atalia, na nilikuwa naogopa hivyo, kwa kuwa nisingejua nishike nini. Hakulia. Aliinuka, akavuka barabara, akamwendea mama yangu, akasema naye kwa Kiswahili cha polepole, neno moja moja.

"Mama, nina ombi. Nikae kwako. Nikae mpaka niseme na mtoto mimi mwenyewe, bila huyu katikati."

Huyu, ndiye mimi.

Mama akanigeukia. "Kasemaje?" akaniuliza kwa Kishambaa. Nafikiri alikuwa ameelewa, alitaka nafasi tu. Nikafasiri yote, sikupunguza. Mama akamwangalia mke wangu kuanzia miguu yake yenye tope mpaka kichwani.

"Nyumba ni yake," akasema, kwa Kiswahili. "Jembe analo. Akae."

Mimi nikaanza habari ya kazi. Nikasema mstari wake wa kuchuma atapewa mwingine, nyapara hatangoja, na mimi nitapikiwa na nani. Yalikuwa maneno ya kweli yote, na hata sasa nikiyakumbuka naona haya.

"Waambie naumwa," mke wangu akasema. "Hutakuwa umewadanganya sana."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

Utingo akaniuliza kama napanda au naaga tu. Nikampa mke wangu kikapu, kisha nikakumbuka nguo zangu zimo, nikatoa shati moja, mengine nikayaacha. Nikapanda. Dirishani niliwaona wanaanza kupanda njia, mtoto mbele ameshika mkono wa bibi yake, mke wangu nyuma yao, amewaachia nafasi kidogo. Kabla ya kona mtoto aligeuka akanipungia mkono. Aliambiwa na bibi yake, nilimwona akimgusa bega.

Nilifika Bulwa giza likianza kuingia, mvua imekatika lakini miti inadondosha maji. Jirani, yule ambaye mtoto wake tulimpima gauni, aliniuliza wenzangu wako wapi. Nikasema wanakuja. Alikuwa ametupikia muhogo wa kuchemsha na maharage, akaweka na nazi kwa ajili ya mtoto. Nilikula kiasi nilichoweza, pamoja na chai ya rangi, na uliobaki nikamrudishia na sufuria yake.