Kitabu cha Wasichana Sita

Miaka ile ruhusa ya kuleta mali kutoka nje ilipotoka na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumwagika bandarini, mjomba wangu alikuwa wakala wa kuyatoa, pale Kurasini. Chini ya viti aliokota vitu vya watu: miavuli, soksi za watoto, na siku moja kitabu kinene cha katuni. Akamletea mama mdogo, aliyekuwa anauza bagia hapo kwetu Temeke, awafungie wateja. Mama mdogo akakifungua, akaona picha, hakuchana hata ukurasa mmoja. Bagia zikaungua.

Maandishi hakuna aliyeyajua, ila picha zilitosha. Kijana mmoja mwembamba, nywele hazijui kitana, na wasichana sita wanaompenda. Kwa nini wanampenda, sie hatukuona. Mie na dada yangu tulikisoma kama tulivyofundishwa shule, kuanzia kushoto. Basi mwanzoni kijana yuko mezani kazungukwa na wote, halafu wanapungua mmoja mmoja, mpaka mwisho yuko peke yake barabarani na begi lake.

"Stahili yake!" dada akasema, na wala hakuwa anacheka.

Dada alikuwa na mchumba, fundi redio. Kila Jumapili alikuja, akapewa chai kwenye kikombe cha wageni, akasema bado anajipanga. Alianza kujipanga mie nikiwa darasa la tatu, na sasa nilikuwa nimemaliza la saba. Mtaa mzima ulijua kuwa Gongo la Mboto kuna nyumba nyingine anakojipanga. Na mwezi ule posa ilikuwa imeletwa na mtu mwingine, mchonga vinyago kutoka Kusini, mtu asiye na maneno mengi, na wazee wake walikuwa wanangoja jibu. Dada alikuwa halali usiku. Alimpenda fundi redio, ndiyo shida yenyewe.

Kitabu kikazunguka ua mzima. Nimesoma vingi vya namna hiyo ukubwani, na bado naona kile kilivipita, kwa sababu kila msichana alikuwa mtu na hasira zake. Kijana mwenyewe si lolote. Ungeweza kuweka stuli mahali pake. Raha ilikuwa kuchagua upande. Mama mdogo alikuwa wa yule anayempiga kijana kwa fagio. Mie nilikuwa wa yule anayekula muda wote. Dada alikuwa wa yule wa aproni, anayepika, anaweka mezani, anangoja. Mjomba alikiangalia mara moja, akauliza kwa nini kijana asioe wanne akapumzika.

Bibi yetu, aliyesomesha watoto chuoni miaka yote, msahafu ukiwa haumtoki mkononi, ndiye wa mwisho kuletewa. Akakishika, akakifungua kutoka kulia bila hata kufikiri. Akatazama kurasa chache.

"Nyie mmekisoma kinyumenyume," akasema. "Huyu begi lake ndio anafika."

Loo! Tukaanza upya. Kijana anakuja mjini na begi, hana mbele wala nyuma. Anapata msichana, wa pili, wa tatu. Ugomvi, machozi, fagio. Na ukurasa wa mwisho ndio ule wa meza: kijana anatabasamu katikati, wasichana wote wamemzunguka, na wa aproni bado kasimama na sufuria.

Dada akaugeuza ukurasa. Nyuma yake hakukuwa na kitu ila jalada.

"Sasa anamchukua nani, Bibi?"

"Hakuna, mjukuu wangu. Kitabu kimekwisha."

Dada akakifunga kitabu. Nilimwona machozi yanamlenga, nikasikia uchungu, nikajifanya natafuta kandambili.

Jumapili fundi redio akaja. "Shikamoo, Bibi." Akakaa, akaletewa chai, na bagia zimefungwa kwenye ukurasa ule wa meza. Akala, akafuta vidole, akasema mwaka huu mambo yakikaa sawa atajipanga vizuri. Kisha akaona picha, akaikunjua, akacheka.

"Kijana anafaidi huyu! Anamchukua nani?"

"Hakuna," dada akamwambia. "Kitabu kimekwisha."

Akachukua kikombe cha wageni, chai ikiwa nusu, akakirudisha ndani.