Uzi Mwekundu kwenye Mguu wa Chura

Hata leo nikienda Naitiri napita nyuma ya maduka, kwa sababu pale mbele ya mashine ya kusaga kuna wamama ambao wakiniona tu wanauliza, "Kijana, vyura hawajambo?" na mimi naangalia viatu vyangu.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nane kule Moi's Bridge nikapata kazi kwa Madam mmoja mtafiti, aliyepanga nyumba Naitiri ili achunguze vyura. Mimi niliwashika mtoni, nikawaweka kwenye mabeseni yenye maji kidogo, nikawapima kwa mizani asubuhi na tena mchana. Asubuhi Madam aliwadunga wengine sindano. Ya nini? Hakusema, na mimi (naona haya hata kuomba chumvi mezani) sikuuliza. Aliniambia tu, "Chura mmoja akibadilishwa, kazi yangu imeharibika, na wewe unarudi kwenu."

Sasa mchana vyura fulani wakawa wanaongezeka uzito. Hawajala, na sijaona hata mmoja akinywa maji kwa mdomo. Mama yangu anauza mahindi, nimekulia juu ya magunia, na kwetu mzigo ukizidi uzito bila sababu ujue kuna mtu ameunyunyizia maji au ametia mawe. Nikaanza kumchunga Mzee Simiyu, mlinzi wa ploti alimopanga Madam, aliyekuwa na mpwa anayetafuta kazi (kazi gani kama si yangu?) na aliyependa sana kuweka kiti chake karibu na mlango wa mabeseni. Nikawafunga vyura uzi mwekundu mguuni. Mchana uzi upo, uzito umepanda. Mwenye akili angesema chura ni yule yule. Mimi nikasema, kumbe huyu mzee ni hodari, anahamisha mpaka uzi!

Basi nikamshika chura mmoja mzito, nikatoka naye hadi kwenye foleni ya kusaga mbele ya ploti, alikokuwa amesimama mzee, na mimi nisiyeweza hata kuomba kwa sauti kanisani nikapaza sauti: "Mzee Simiyu, rudisha vyura wa Madam!"

"Ati nini? Mimi niibe chura? Nimpikie nani?"

"Huyu si wa asubuhi! Amekuwa mzito!"

"Si umpime tuone, bana," mama mmoja akasema, na watu wakatuzunguka.

Madam akatoka na mizani. Kwa hasira nikamfinya yule chura nimwinue wote wamwone, naye akaachilia maji, yakashuka kifuani mwangu mpaka kwenye suruali. Madam akamchukua, akampima. Uzito ukawa ule ule wa asubuhi.

"Chura hanywi kwa mdomo, anakunywa kwa ngozi ya tumbo," akasema. "Dawa ninayomdunga ni ile ambayo mwili wake hujitengenezea wenyewe wakati wa ukavu, ngozi ivute maji na kibofu kiyaweke. Kwani ulishindwa kuniuliza?"

Mzee Simiyu akaitazama suruali yangu. "Kwa hivyo mwizi ni kibofu. Haya, mkamate."

Walicheka mpaka mashine ikazimwa. Nilijua nimefukuzwa, lakini ni yeye mzee aliyesema, "Madam, mwache, ni mtoto." Nikaapa kwamba nisichokijua nitakiuliza, hata sauti ikitetemeka.

Lakini tangu siku hiyo, kila nilipomaliza kupima mchana, Mzee Simiyu alisimama mlangoni mwenyewe, akageuza mifuko yake yote nje, akangoja nimwambie apite.