Jumapili ya Barafu Kasungami

Kila nikifungua friza ya duka la jirani yangu hapa mtaani Naviundu, ule ubaridi unanipiga usoni na harufu yake ya chuma chenye maji, na papo hapo niko Kasungami, nyumbani kwetu utotoni, nimekanyaga nyasi nyeupe, na baba yangu amesimama ukingoni mwa bwawa na mti mrefu mkononi. Mwenye duka anafikiri nachagua kuku. Kuku gani! Nawaza asubuhi ile ambayo nusura tupoteze kila kitu.

Baba alikuwa ameachishwa kazi mgodini. Kiangazi chote kilichofuata alichimba bwawa la samaki nyuma ya nyumba, kule bondeni ambako udongo haukauki. Majirani walimtania eti anatafuta shaba yake mwenyewe. Yeye anachimba tu, na katikati akachimba kwenda chini sana. Mvua zilipolijaza, akaleta tilapia wadogo kwa ndoo juu ya baiskeli, akiisukuma taratibu kama amebeba mtoto mgonjwa. Kuanzia siku hiyo chakula chetu, masomo yetu na heshima yake, vyote vilikuwa vinaogelea mle ndani.

Kaku, mama mzaa mama, alikuwa ametoka Kasai kuja kukaa nasi. Hapa lazima niwaeleze jambo. Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mkwe habishani na mama wa mke wake hata akisema jua ni mwezi. Basi pale nyumbani simu ilikuwa mimi. "Muambie baba yako mulango iko napiga kelele." Baba amekaa palepale, amesikia kila neno, lakini anangoja nimfikishie. Ndipo anajibu: "Muambie kaku nitapaka mafuta." Nami nageuka tena. Shingo iliniuma, jamani, na moyoni niliamini hawa watu wawili wanachukiana.

Baridi ya kwetu wakati wa kiangazi, miezi isiyo na mvua, mnaijua, ile ya kuotea jua ukutani na makoti mawili. Lakini Jumapili ile ilizidi. Nilitoka nje nikaona bonde zima limekuwa jeupe, nikadhani mtu amemwaga unga. Nikachota kidogo, kikaniuma vidole. Nikalamba: ladha ya majani na maji. Ukingoni mwa bwawa, maji yalikuwa yamefunikwa na kitu chembamba kama kioo cha dirisha. Nilikuwa sijawahi kuona barafu ambayo hakuna aliyeitengeneza.

Baba alipoiona, uso ulimbadilika. Akakimbilia mti mrefu wa kujengea paa. Shabaha yake ilikuwa kuvunja ile barafu, kisha kuyakoroga maji mpaka chini kabisa, ili joto la jua lipate kuingia. Alikuwa ameshauinua mti, sauti ikatoka nyuma yangu.

"Aka! Muambie baba yako leo iko siku ya Mungu. Hakuna mutu ya hii nyumba atapiga maji na muti."

Alikuwa kaku, amevaa kitenge cha kanisani, Biblia kwapani, ameangalia pembeni kama desturi inavyotaka.

"Muambie kaku," baba akasema, "samaki inakufa."

"Muambie baba yako Mungu anabaona hao samaki."

Kama angekuwa mama yake mzazi, baba angebishana naye mpaka saa sita. Lakini mama mkwe! Baba aliulaza mti kwenye nyasi, polepole, akaingia ndani kuvaa shati jeupe.

Ibada ile haikuisha. Mama yangu, aliyekuwa ametangulia na kwaya, aliimba bila kujua lolote. Baba alikuwa anatoka jasho kwenye baridi ile. Kaku alifumba macho muda mrefu, na midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti.

Tuliporudi barafu ilikuwa imeyeyuka. Matembele ya bondeni yalikuwa meusi, yamelala kama yamemwagiwa maji ya moto. Pembeni mwa bwawa samaki wachache walielea matumbo juu. Baba akachuchumaa. Akachota pumba za mahindi akatupa katikati. Maji yakatulia. Halafu mdomo mmoja ukachomoza. Kisha mwingine, kisha maji yote yakawa yanachemka midomo.

Baba alilia. Akampa kaku mgongo, kwa heshima, akapiga makofi taratibu, kama tunavyoshukuru wakubwa. "Muambie kaku, aksanti."

Miaka ilipita ndipo mwalimu wetu wa sekondari alipotueleza. Barafu, alisema, huelea, na maji yasiyo baridi sana hubaki chini yake. Katika bahari za kwenye ncha za dunia ni vilevile: barafu imekaa juu kama kifuniko, na chini yake samaki wanaishi. Weupe wake hurudisha jua lilikotoka, na hiyo inasaidia dunia nzima isiunguze watu wake. Kama ingezama, maji yangeganda kuanzia chini, na viumbe wangekosa pa kukimbilia.

Nilirudi nyumbani mbio. Baba alikuwa anashona wavu. Nikamweleza kwamba joto lilikuwa limekaa chini, kwenye kina alichochimba mwenyewe, na kwamba mti wake ungeupeleka ule ubaridi wa juu mpaka kwa samaki. Si Jumapili iliyowaokoa, nikasema, ni barafu yenyewe na lile shimo lake. Aliniomba nirudie. Kisha akatazama jikoni, ambako kaku alikuwa anaimba.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita mimi binti yake, "hiyo maneno, usiambie kaku."

Nilidhani anaogopa aibu. Sikuelewa mpaka nilipokuwa na nyumba yangu na wazee wa kulisha. Kaku alikuwa anakula kwa mkwe asiye na kazi. Tangu alipofika alikuwa akiacha nusu ya bukari yake, ule ugali wetu, anasema ameshiba, na sisi watoto tunaigombania. Ni baada ya Jumapili ile, alipoamini ameokoa samaki wa nyumba hii, ndipo alianza kumaliza sahani yake. Mimi sikuwa nimeona. Baba, ambaye hakuruhusiwa hata kumtazama anapokula, alikuwa ameona.