Maharage ya Rangi katika Kona ya Sayansi

Rafiki yangu, kama hujawahi kunusa maharage makavu yaliyotiwa rangi na siki, mshukuru Mungu, na umwombe akulinde hivyo hivyo. Harufu yake inakaa kooni kama mwiba wa samaki. Mimi niliinusa mwaka huu, majira haya ya majani kuanguka, katika chumba cha chekechea kilicho chini ya kanisa moja hapa Clintonville, upande wa kaskazini wa Columbus, Ohio, huku Marekani. Mara nikajiona niko kwetu milimani, Kivu ya Kusini, mtoto mwenye magoti ya vumbi, na bibi yangu amesimama uani na fimbo yake ya kupigia maharage.

Sikwenda pale kutafuta kumbukumbu. Mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka minne, anasoma pale, na mama yake alikuwa amenijia akiwa na uso mzito.

“Papa,” alisema, “mwalimu anasema mutoto hagusake kitu. Wenzake wanacheza, yeye anasimama tu, mikono kwa mugongo. Donc wanataka watu wa kupima akili wamuangalie.”

“Akili ya huyu mtoto?” niliuliza. “Huyu anayeniibia miwani yangu na kuificha ndani ya kiatu?”

“Papa, si mimi ninayesema. Ni shule.”

Yeye na mwanangu wanafanya kazi ghalani mchana kutwa. Mgongo wangu mimi ulistaafu kabla yangu, kule Louisville, kwa kubeba masanduku. Kwa hiyo mwalimu alipowaomba wazee waje kumsaidia kuandaa kona ya sayansi ya majira haya, nilikwenda mimi, nikiwa na kofia yangu ya Jumapili, nione kwa macho yangu kinachomshinda mtoto.

Mwalimu ni mama Mmarekani, mpole, mwenye kuchuchumaa chini kila anapoongea na mtoto. Simsemi vibaya. Kazi ya kwanza aliyonipa niliipenda. Tulipanga meza fupi dirishani, tukamwaga majani ya rangi ya moto, mbegu za mwaloni zenye vikofia, magome ya miti, mizani ndogo na kioo cha kukuzia vitu. Akanieleza kwamba watoto wadogo hujifunza kwa mikono: washike, wapime, wapange vikubwa na vidogo. Nikaitikia kwa moyo wote, maana sisi pia tulifunzwa hivyo, ila hatukujua kwamba ilikuwa sayansi.

Kisha akaleta boga. Boga zuri, la kutosha kulisha nyumba. Akalikata, akaingiza nusu yake ndani ya chupa kubwa ya kioo, akafunga. Nikauliza litapikwa lini. Akacheka kwa wema, akasema halipikwi, litaachwa hapo lioze ili watoto watazame ukungu ukiota. Lioze! Kwa makusudi! Ile nusu nyingine aliiweka kwenye sinia ili watoto waingize mikono ndani na kukamua utumbo wake. Nyuzi za njano zikaning'inia kama makamasi.

Na mwisho likaja beseni. Maharage kilo kwa kilo, mengine mekundu ya damu, mengine ya chungwa, mengine ya manjano, yote yananuka siki na rangi. Akanipa mwiko nikoroge. Nilikoroga, rafiki yangu, uso nimeugeuza pembeni. Niliuliza kwa Kiingereza changu cha ghalani, baada ya hapo yanakwenda wapi. Akaonyesha pipa la takataka.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hilo lilinichoma.

Kwetu, mavuno ya maharage yalikuwa na sauti. Mashina makavu yalirundikwa uani, wakubwa wakayapiga kwa fimbo, wakipokezana, na maharage yakaruka kila upande kama mvua ya mawe. Makapi ya maganda yalipeperushwa, magunia yakafungwa, wakubwa wakaenda kunawa. Hapo ndipo kazi ya watoto ilipoanza. Mimi na dada yangu mdogo tulitambaa uani kwa magoti, tukatoa kila punje iliyoingia kwenye nyufa za udongo, tukatumia kijiti pale kidole kisipofika. Bibi alipita nyuma yetu bila viatu, akihisi ardhi kwa nyayo. Punje moja ikimchoma alisimama juu yake, anasubiri tuitoe. Zile tulizookota hazikuingia ndani ya magunia yetu. Zilipelekwa kwa jirani mjane, kama Neno linavyoagiza, na yeye alizipokea kwa mikono miwili na kutubariki hadi masikio yetu yakaona haya.

Kucheza na maharage? Hata kuyatumia kuhesabia katika michezo tulikatazwa. Watoto wa mtaa wa chini walitumia punje katika michezo yao. Sisi tulitumia mawe. Na kabla ya kula tulisimama wote, mikono nyuma ya mgongo, mpaka Bibi amalize kuomba. Aliomba kwa taarifa kamili: alimtajia Mungu mvua, jembe, ng'ombe aliyetoa samadi, na aliyepika. Mkono ukichungulia mbele kabla ya Amina, ulirudishwa kwa mwiko wa moto.

Usidhani ilikuwa raha yote. Miezi ya njaa, kabla ya mavuno mapya, maharage ya chini ya gunia yalikuwa yametobolewa na wadudu. Dada yangu na mimi tuliyamwaga majini. Mazima yalizama, mabovu yalielea pamoja na vijidudu vyeusi vikipiga miguu. Maji yalinuka uchachu. Mengine yalizama yakiwa na mgeni ndani, ukamkuta mezani, laini, kati ya meno. Mara ya kwanza nilitema. Bibi hakunipiga. Alisema tu, “Kinyaa ni cha aliyeshiba,” akaendelea kula. Nami nikala.

Basi fikiria nimesimama pale Clintonville na mwiko mkononi, mtu niliyejifunza kula wadudu bila kinyaa, nikihisi kinyaa mbele ya chakula kizima.

Asubuhi iliyofuata watoto walifunguliwa kona yao. Walivamia! Mmoja alipanda ndani ya beseni na soksi. Mmoja alipiga chafya juu ya maharage, na mwingine akachota pale pale kwa kikombe. Yule wa tatu alijaza mdomo, akayatema, akayarudisha ndani ya beseni. Mikono yenye utumbo wa boga iliingia kwenye maharage, yakashikana mafungu mafungu kama mavi ya mbuzi. Nisamehe, lakini ndivyo yalivyokuwa.

Mjukuu wangu alisimama hatua chache nyuma, mikono mgongoni, macho yake kwangu.

Mwalimu akachuchumaa, akamwambia aguse, ni salama, ni laini. Mtoto hakugusa. Akaonyeshwa mnyororo wa tambi uliobandikwa ukutani, uliotengenezwa na wenzake. Akaonyeshwa udongo wa kuchezea uliokandwa kwa unga na chumvi. Hakugusa. Na mimi nilipotazama vitu vile kimoja baada ya kingine, tambi, unga, mchele ndani ya chupa za kutikisa, nikaelewa. Mtoto hakuwa mgonjwa. Alikuwa anasubiri mtu aombe.

Maana nyumbani kwa mwanangu mimi ndiye ninayeomba, na watoto husimama kama tulivyosimama sisi. Nimemfundisha hivyo tangu alipoanza kutembea, na alipomwaga ugali chini kwa kucheza, nilimkalisha mapajani nikamweleza kwamba chakula hakichezewi kamwe. Alishika neno langu. Akalibeba hadi shuleni, akasimama nalo pale siku zote hizo, peke yake.

Nilimwambia mwalimu. Alinisikiliza hadi mwisho. Alitazama beseni, akawa mwekundu, akasema mwakani atafikiria vitu vingine. Lakini, akasema, huyu atakwenda shule kubwa, na huko kote atakuta tambi kwenye gundi na mchele kwenye rangi. Hatuwezi kumwondolea vyote. Na watu wa kupima wanakuja wiki hiyo. Akaniuliza kwa upole, “Wewe unataka afanye nini?”

Nilimwomba anipe siku mbili tatu. Nilirudi nyumbani nikampigia dada yangu. Anaishi Buffalo, kazi yake ni kutunza wazee. Nilimsimulia yote, siki, boga linalooza, soksi ndani ya chakula. Nilitegemea alie nami. Akacheka mpaka akakohoa.

“Kaka, we uliyekuwa unatapika maharagi ya Bibi, leo unakuwa wakili wake?”

“Nilitema. Sikutapika.”

“Ulitapika. Hapa juu ya mguu wangu.” Kisha kicheko kikamwisha. “Sikia, kaka. Mi hapa kila siku niko natupa sahani za wazee. Nyama nzima, haijaguswa. Siku ya kwanza nililia chooni. Leo sijui hata kama mkono wangu unatupa.”

“Na hiyo ni vizuri?”

“Hapana. Ni machukizo. Lakini Bibi alikataza maharagi sababu tulikuwa na njaa. Mutoto hana njaa. Bon, we unataka asimame pembeni mpaka lini? Mpaka apate njaa?”

Niliomba juu ya jambo hilo, kama ninavyoomba juu ya yote. Mungu hakunigeuzia harufu ya siki ikawa nzuri. Siku tatu baadaye, asubuhi, nilikwenda na mtoto mkono kwa mkono.

Beseni lilikuwa limeharibika zaidi. Mtoto fulani alikuwa amemwaga maji ndani, na maharage yalikuwa yamevimba, yamepasuka ngozi, rangi imechuruzika, na uchachu ule ule wa utotoni umepanda hewani. Ndani ya chupa boga lilikuwa limeota manyoya ya kijivu. Nilipiga magoti, kwa shida, mbele ya mjukuu wangu.

“Haya si chakula,” nilimwambia.

Alinitazama. Kisha akanijibu kwa Kiswahili, yeye ambaye kila siku hunijibu kwa Kiingereza: “Ni maharage, Babu.”

“Yalikuwa. Sasa si chakula tena. Cheza.”

“Hatuombi?”

“Hatuombi.”

Akatoa mikono mgongoni polepole, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine, akaitumbukiza hadi viwiko. Akapiga kelele ya furaha. Baadaye kidogo alikuwa amekaa kati ya wenzake, nywele zake zina punje nyekundu, akimwagia rafiki yake kikombe shingoni, na mwalimu alikuwa ameweka mkono juu ya moyo wake na kunitazama kwa shukrani. Watu wa kupima walikuja wakamkuta hivyo. Hawakuandika neno.

Namshukuru Mungu kwa hilo, na ninasema kweli. Lakini wewe ni rafiki yangu, sitakuficha. Sheria ile ya Bibi ilivuka vita. Ilivuka miaka ya kambi ya wakimbizi, tulipopokea maharage kwa kipimo cha kopo, ikapanda ndege nasi, ikaishi Louisville, ikahamia Ohio. Hakuna askari aliyeivunja, wala njaa, wala baridi. Imekoma hapa, ndani ya chumba chenye joto na watu wema, kwa kinywa changu mimi, kwa kumpenda mtoto.

Jioni mama yake alipompakulia, mtoto alikaa, akachukua kijiko, akaanza kula. Mimi nilikuwa bado nimesimama, nimefumba macho.