Siku Niliyopiga Nyungu Ndani ya Gari la Kulala

Basi leo nikiri, maana naona mmeanza kunong'onezana: yule mwanaume wa kwenye ile video, aliyefunga kanga ya mama yake na kumkimbia mama huyohuyo katikati ya barabara pale Harrow huku mtaa mzima ukimpigia makofi, ni mimi. Miaka yote hii nimekuwa nasema ni mtu tumefanana tu. Hapana, ni mimi Deo, na hata ule mguu wa kushoto wenye soksi peke yake ni wangu. Chekeni kwanza, mkimaliza nitawaeleza ilivyokuwa, kwa sababu ile video inaanzia pabaya, na mtu akiiona hivihivi anaweza kudhani nilikuwa nimelewa.

Mama alikuja kunitembelea kutoka Mwanza mwanzoni mwa mwaka ule wa korona, akae wiki sita, aione baridi, arudi akasimulie kanisani. Ndege zikafungwa akiwa hukuhuku. Mama yangu ana sukari na presha, na mimi kazi yangu ni kutunza wazee kwenye nyumba ya wazee kule Wembley, na siku zile kazini kwetu watu walikuwa wanaanguka mmoja baada ya mwingine, wazee na wafanyakazi. Nyumbani tulikuwa na chumba kimoja, kijisebule na jiko, ghorofani kwa Mzee Jivan, naye akikaa chini peke yake na kifua chake kibovu. (Mzee Jivan ni Mhindi wa Mwanza, kazaliwa pale mjini, kaja Uingereza kijana, na Kiswahili chake ni safi kuliko cha nusu yenu hapa.) Sasa niambieni, nikitoka shifti nalala wapi? Nikiacha kazi tunakula nini, na nisipoacha si ndiyo namletea mama yangu kifo kitandani? Nilikuwa naogopa, sitaficha, nilikuwa naogopa mpaka naota.

Aliyenitia akili, au ujinga, ni kaka yangu Fidelis. Fidelis yuko Arizona, Marekani, kule jangwani, na korona ilipochachamaa yeye na mkewe walirudisha nyumba ya kupanga wakahamia kwenye gari la kulala, lile lenye kitanda, jiko na choo humohumo, wakaenda kuliegesha huko kwenye mawe na dungusi, hakuna jirani wala wa kukuuliza barakoa. Kila siku ananitumia video: Fidelis anakaanga mayai nje, Fidelis anaoga kwa kopo, Fidelis na kofia pana anaonyesha upeo wa macho utadhani kaununua yeye. "Mdogo wangu," akaniambia, "tafuta gari kama hili, liweke mbele ya nyumba, ulale humo. Mama utamwona dirishani." Rafiki yangu mmoja wa kazini alikuwa nalo, kuukuu, limelala tu kwa sababu safari zimepigwa marufuku, akaniazima kwa moyo mmoja.

Nikaenda kumwomba Mzee Jivan ruhusa ya kuliegesha mbele ya nyumba yake, pale penye mteremko mdogo wa kwenda barabarani, kando ya mawaridi aliyoyapanda marehemu mkewe. Alinisikiliza akiwa nyuma ya kioo cha dirisha, kidole kwenye shavu.

"Lala, mwanangu," akasema. "Lakini usipike humo ndani. Gesi na mtu aliyechoka havikai pamoja. Siku nikijua umewasha jiko, gari linaondoka, na sitaki maneno."

Nikamwapia. Kwa hiyo mjue hapa palipokaa roho yangu: jiko likiwashwa, gari linaondoka, na gari likiondoka sina pa kulala isipokuwa chumba kimoja na mama.

Nikaishi humo wiki saba kabla ya siku ya ile video. Mei ya mwaka ule jua la London lilisahau adabu, likawaka siku baada ya siku, na lile bati ukiingia mchana baada ya shifti ya usiku unaiva taratibu kama mkate. Nikamlalamikia Fidelis, akacheka, akaniambia kule kwake hata mijusi inatafuta kivuli, nibandike karatasi za fedha, zile za kufungia chakula, kwenye madirisha yote, jua lirudi lilikotoka. Nikabandika kila dirisha, na kile cha mbele pia, na kweli ikasaidia, ila ukishakuwa ndani huoni nje wala hujioni mwenyewe. (Kumbukeni hizo karatasi, zina kesi.) Chakula mama alikuwa ananiteremshia kutoka dirishani juu kwa kikapu na kamba, ugali na dagaa, na majirani Waingereza wakipita wanasimama kutazama, kwa sababu kwao kikapu kinachoshuka kutoka angani si jambo la kila siku.

Pamoja na ugali yakashuka maagizo. Mama yangu anaamini nyungu kuliko anavyoiamini hospitali yoyote. Si mnajua nyungu, sufuria la maji yanayotokota, majani ya mwarobaini, mchaichai, tangawizi, malimao, unalikumbatia ukiwa umejifunika blanketi gubigubi, mvuke unakuingia mpaka unawakumbuka uliowakosea. Alikuja na mwarobaini mkavu kutoka nyumbani, umefungwa kwenye gazeti katikati ya nguo za ndani, asiulizwe. Akateremsha fungu langu kwenye kikapu, na asubuhi ya kwanza akatoa kichwa dirishani:

"Deo, umepiga nyungu?"

Nikasema, "Nimepiga, mama."

Ndipo hapo. Neno moja, asubuhi moja, kwa sababu nilikuwa nataka kulala. Ningesema sijapiga ningelazimika kueleza habari ya jiko la Mzee Jivan, na mama ninavyomjua angeniteremshia sufuria la maji ya moto kwa kamba, tukaunganisha msiba na msiba. Lakini uongo ukishaanza kuulisha unakula kila siku. Kesho yake tena, umepiga? Nimepiga. Jasho limetoka? Limetoka, mama, hadi nimelowa. (Jasho lilikuwa linatoka kweli, lakini la bati.) Nikawa natupa jani moja moja la mwarobaini kwenye pipa la kazini ili fungu lipungue, mtu mzima na ndevu zangu.

Mpaka Alhamisi moja, jioni, siku hiyo sina shifti, nimesimama chini ya dirisha nakula, dagaa mmoja akanikwama, nikakohoa. Mara mbili tu.

"Hicho kikohozi ni cha nini?"

"Dagaa, mama."

"Dagaa gani anamkohoza mtu aliyepiga nyungu wiki saba?"

Kufumba na kufumbua kashampigia Fidelis kwa video, na Fidelis, mbele ya gari lake, saa sita mchana ya jangwani, akajifanya mkubwa wa ukoo: "Bwana mdogo, leo piga nyungu sisi tukiona." Nikawa kati ya mambo mawili, nikiri kwa mama au nivunje kiapo cha Mzee Jivan. Mtu mwenye akili angekiri. Mimi nikapiga hesabu kwamba saa ile Mzee Jivan anatazama tamthilia yake kwa sauti ya juu, na dakika tano za jiko hazijaua mtu.

Nikaingia, nikafunga mlango, nikavua nguo, nikajifunga kanga ya mama iliyokuwa kwenye kikapu imefunikia sahani, nikawasha jiko. Soksi moja ikagoma kutoka, nikaiacha. Simu nikaisimamisha kwenye rafu, mama upande huu wa kioo, Fidelis upande ule.

"Madirisha yamefungwa?" mama anauliza.

"Yamefungwa."

"Mvuke usitoke hata kidogo."

Maji yakachemka, nikazima, nikaliweka sufuria sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, nikajifunika. Nawaambia ukweli, gari lile lilikuwa limeshinda juani siku nzima, na chini ya blanketi lile nilikutana na babu yangu. Nikahesabu mpaka ishirini, nikaona nafa. Nikafunua blanketi kwa pupa, mvuke wote ukapanda darini kwa mkupuo, na king'ora cha moshi kikaanza kulia, kikali, kinatoboa masikio. Cha kwanza nilichowaza si moto, ni Mzee Jivan. Nikarukia mbele nikipapasa, macho yamejaa mvuke na malimao, natafuta kitasa cha mlango wa dereva, mkono ukashika kitu kama mpini, nikaminya na kusukuma kwa nguvu zangu zote. Ilikuwa breki ya mkono.

Gari likaanza kuondoka. Polepole, kwa heshima, kinyumenyume. Kwa zile karatasi za madirishani sioni nje, nikasikia tu matawi yanavunjika pembeni, nikajua ni mawaridi ya marehemu, halafu nikasikia sauti nisiyoielewa kabisa, mlio mkubwa kama mvua ya mawe juu ya mabati, unatoka kila upande. Nikasema basi, Deo, umekufa, na huko unapigiwa makofi.

Kumbe ni saa mbili, Alhamisi! Jua bado lipo, na wengine wenu mnakumbuka, siku zile kila Alhamisi saa mbili Waingereza walikuwa wanatoka milangoni kuwapigia makofi wahudumu wa afya. Mimi saa ile huwa kazini, nilikuwa sijawahi kuyaona. Gari likagonga ukingo wa upande wa pili likatulia katikati ya mtaa, mlango wa pembeni ukafunguka wenyewe, wingu la mvuke likatangulia, mimi nikafuata. Mtaa mzima umesimama. Makofi yakaanza kufifia. Kisha mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa anagonga kikaango kwa mwiko akanitambua, akapaza sauti, "Ni yule anayetunza wazee!" Wakalipuka upya, makofi, vikaango, filimbi, na hapo ndipo kijana wa nyumba ya kona alipoanza kurekodi. Sasa nifanyeje? Nikainua mkono kuwashukuru. Ni ule mkono uliokuwa umeshika kanga.

Niliidaka njiani, nashukuru Mungu, lakini si mapema sana.

Wakati huo mama, aliyeona mvuke na kusikia king'ora kwenye simu halafu hamwoni mtu, alikuwa kashateremka ngazi peku, anapiga yowe kwamba mwanawe anaungua. Akaja moja kwa moja, mikono wazi. Na mimi nikaona ile mikono, na wiki saba zote zikanijia, na kile kikohozi, nikawaza vipi kama si dagaa. Nikakimbia. Yeye anakuja mimi nakwenda, tukalizunguka gari mara mbili, "Mama usije! Mama baki hapohapo!" na ndani ya gari simu iliyoanguka chali bado iko hewani, Fidelis anauliza kutoka Arizona, "Mbona naona dari tu?"

Mama akasimama, akahema.

"Deo, unanikimbia mimi?"

"Nimekaa kwenye bati wiki saba ili nisikuguse, mama. Usiniharibie leo."

Machozi yakanitoka, na si ya malimao. Na kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kuficha mbele ya mtaa ule, nikamaliza yote: "Nyungu sijawahi kupiga. Hii ndiyo ya kwanza."

Watu walikuwa wameacha makofi, hawaelewi lugha lakini wanaelewa mama.

"Kama umenidanganya kwenye nyungu," akasema polepole, "nitajuaje hujanidanganya kwenye kikohozi?"

Ile kanga yote haikuniaibisha kama sentensi ile.

Halafu akatoka Mzee Jivan, barakoa usoni na ndala miguuni. Akayatazama mawaridi, mashina mawili chini. Akalitazama gari. Akanizunguka kwa mbali, akayasoma kwa sauti maneno ya kanga yaliyokuwa nyuma yangu: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akatikisa kichwa. "Sasa hapa nani kapona?"

"Nisamehe, mzee. Niliwasha jiko."

"Nilikuambia ukiwasha jiko gari litaondoka?"

"Uliniambia."

"Limeondoka lenyewe. Basi lirudishe, uweke matofali nyuma ya magurudumu, na mtungi wa gesi uniletee mlangoni kwangu." Akageuka kwenda, akasimama. "Na kama mnapiga nyungu, pigeni bustanini nyuma, Jumapili. Mimi nitakaa kona yangu na blanketi langu. Tangu mama yangu afe hakuna aliyenifunika."

Kesho yake nikapimwa kazini, sikuwa na ugonjwa, alikuwa dagaa kweli. Lakini mama hakunisadiki mpaka nilipomwekea jibu kwenye kikapu akalivuta juu na kulisoma mwenyewe kwa miwani, na tangu siku ile kila asubuhi nilikuwa nasimama chini ya dirisha na kipimajoto mdomoni, nakiinua, yeye anachungulia na darubini aliyoazima kwa Mzee Jivan. Na Jumapili tukakaa bustanini watu watatu chini ya mablanketi matatu, kila mmoja mbali na mwenzake, tukitoa moshi. Sijui ilitibu nini. Mzee Jivan alilia kidogo, akasema ni tangawizi.

Mama alirudi Mwanza ndege zilipofunguliwa, na kanga akaniachia, ndiyo ile mnayoicheka kwenye video. Hupiga simu kila Alhamisi, nadhani makusudi. "Deo, umepiga nyungu?" Na mimi, mwanaume niliyeonwa na mtaa mzima wa Harrow, kama sijapiga nasema sijapiga, anagomba robo saa nzima, namsikiliza mpaka mwisho. Kisha huniuliza kama nimekohoa, nikimjibu hapana, siku hizi anasema haya, na anakata simu akalale.