Vitabu Vitakufuata Nyumbani

Walituita wadau. Nimefundisha jiografia karibu maisha yangu yote, nimeitwa majina mengi nyuma ya mgongo wangu, lakini udau ulikuwa mpya. Manispaa ya Bukoba ilikuwa inaandaa mpango mkakati wa maktaba na viwanja vya mapumziko, na afisa mipango, binti mchangamfu mwenye maneno mengi ya semina, alitaka kuwasikia watumiaji wenyewe.

Mtumiaji nilikuwa kweli. Tangu tulipomzika mke wangu kwenye kibanja chetu Kamachumu, kati ya migomba na mibuni, kukaa kule kulinishinda. Nikahamia kwenye nyumba yetu ndogo ya Miembeni. Watoto wako Dar es Salaam na Mwanza, wana kazi nzuri, na simu hupiga Jumapili.

Basi kila asubuhi, nikishakunywa chai, nilikuwa naelekea maktaba. Tusidanganyane, sikufuata vitabu. Vingi nilishavisoma, na vingine vilinyofolewa kurasa za mwisho na watu wasio na haya. Nilifuata meza. Pale alikuwapo mzee wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa, mmoja wa wachache wa jamii yake waliobaki mjini. Tuligawana gazeti: yeye anaanza na michezo, mimi na tanzia. Alikuwa analamba kidole kabla ya kufunua ukurasa, tabia iliyonikera mno, na siku asipokuja sikujua nifanye nini na kero yangu. Hatukuongea sana. Akikohoa namwambia pole. Kuna siku pole hiyo na shukrani yake ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu yote mpaka kulala.

Siku ya kikao tulipewa soda, sambusa na peni za rangi. Afisa mipango alibandika karatasi kubwa ukutani, kisha akaanza kutuuliza mmoja mmoja.

"Shikamoo, mwalimu. Wewe waitu, changamoto yako kubwa ni ipi?" aliniuliza, akiniita kwa heshima ya Kihaya.

Jibu lilikuwa mdomoni. Nilitaka kusema kwamba nyumbani kwangu hakuna mtu, kwa hiyo meza ile wasiiguse. Lakini ukumbi ulijaa watu wanaonifahamu, na huku kwetu mzee mwenye watoto waliosoma akisimama hadharani kusema ni mpweke, hajajieleza yeye, amewashtaki watoto. Jioni hiyohiyo habari zingefika Kamachumu, na shangazi zao wangeanza kuwafokea kwenye simu. Nikayasingizia magoti.

"Magoti," nilisema. "Njia ni ndefu, na mvua zetu hizi mnazijua."

"Hata mimi magoti," akadakia mzee wa Kihindi. Mpaka leo sijui kama yake yalikuwa yanauma kweli.

Watu wakasikitika kwa adabu, na magoti yakaandikwa ukutani kwa rangi nyekundu. Mpango ulipotoka, ulikuwa umetuheshimu kupita kiasi. Si vizuri mzee kutembezwa, waliandika; vitabu na magazeti vitamfuata nyumbani. Na kwa kuwa wazee hatutakuja tena, chumba cha kusomea kitakuwa cha kompyuta za vijana. Nilikasirika, nikatafuta wa kumkasirikia. Kila niliyekutana naye njiani alinipongeza. Niliumia, na sikuwa na pa kulisemea hilo.

Meza ikatolewa. Nyumbani akaja mkutubi, mama mmoja wa Kashozi, akiwa na gazeti, vitabu viwili na mpiga picha wa manispaa. Niliwakaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kama desturi yetu ilivyo. Mama yule akaketi ubavuni kwangu akatafuna taratibu, akaniuliza ninapikiwa na nani. Akasema ametoka kwa mzee wa Kihindi.

"Amekuulizia. Anataka kujua kama bado unaanza na tanzia."

Nilicheka kwa sauti mpaka nikajishangaa. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kumjibu, mpiga picha akainua kamera.

"Mama, samahani, sogea huko. Unaingia kwenye picha. Tunataka mzee aonekane anajisomea mwenyewe, ametulia."

Akainuka, akaenda kusimama mlangoni. Niliambiwa nifungue gazeti, nikafungua. Niliambiwa nitabasamu, nikatabasamu. Kisha wakaniaga, maana walikuwa na nyumba nyingine za kupitia.

Picha ilitoka kwenye taarifa ya mwaka, ukurasa mzima. Sijui nani aliwatumia wanangu. Binti yangu alinipigia siku ya kazi, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Tata, umependeza!" alisema. "Tulikuwa tunahangaika huku, tukidhani una upweke. Kaka alikuwa anapanga kuja likizo kukaa na wewe kidogo, sasa ameona hakuna haja."

Nilimwambia ni kweli, hakuna haja.